Utando wa Daktari, Ngozi ya Nyanya

Nyanya yangu aliipokea nusu ya Mji wa Kale kwa mikono yake miwili, na nusu iliyobaki, kwa maneno yake mwenyewe, ilizaliwa ovyo. Ukipita naye vichochoroni ungedhani umefuatana na mwenye mji. Mwanamume mzima, mwenye ndevu zake na kanzu iliyopigwa pasi, angejibana ukutani ampishe, amsalimu kwa adabu zote, naye angemuuliza moja baada ya moja: hali yake, mkewe, watoto, mama, mguu wa mama. Akishapita, nyanya angeniinamia na kuninong'oneza, "Huyu alitanguliza matako."

Mimi alinipokea pia, na hakuacha kunikumbusha. Utotoni aliniita mke mwenzake, kama ilivyo desturi ya nyanya na mjukuu wa kike, kwa kuwa babu akinitania kuwa mimi ndiye mke mdogo. "Mke mwenzangu, ndoo hapa unikune mgongo." "Mke mwenzangu, leo zamu yako kuosha sufuria." Nilipokwenda bara kusomea ukunga wa hospitali alilia siku tatu. Siku niliporudi na gauni jeupe na kofia ya kubana kwa pini, alisimama mlangoni akanifungulia mikono, akasema, "Karibu, mwanangu. Karibu, bibi nesi." Nikadhani nimepanda cheo.

Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Niliajiriwa katika zahanati ndogo ya uzazi karibu na Makadara, chini ya daktari mmoja kijana, mtu wa bara, mrefu, msafi hata viatu vyake vililionea vumbi aibu. Kiswahili chake alikuwa amekisoma darasani, kimenyooka kama rula. Alikuwa akifanya utafiti. Alitaka kujua kwa nini baadhi ya akina mama hushikwa na homa siku chache baada ya kujifungua, na kwa nini wengine chupa ya uzazi hupasuka kabla ya siku zao. Na kwa kuwa wanawake wengi wa Mji wa Kale walikuwa wakizalia nyumbani, hangeweza kujua lolote bila ya wakunga kumwandikia kadi.

Jambo lenyewe lilikuwa la maana, nalisema mapema kabla sijaanza kuwacheka watu. Mtoto tumboni yumo ndani ya mfuko wa maji, na mfuko huo, ukiutazama vizuri, una matabaka mawili membamba yaliyoshikana, moja la ndani na moja la nje. Mtoto akishatoka hufuata zalio, ile nyama iliyomlisha tumboni, na mfuko hutoka nalo. Kikibaki kipande ndani, hata kidogo cha kutosha kiganja, mama anaweza kushikwa na homa, na homa hiyo huua. Sasa mkunga mmoja alimwambia daktari "chupa imetoka," wa pili "kondo imetoka," wa tatu "ngozi imetoka," wa nne akasema tu "nyuma kumekwisha." Daktari akashika kichwa. Kimetoka nini hasa? Kimoja? Vyote? Alitaka kila kitu kiwe na jina moja, na kila jina liwe na kitu kimoja.

Orodha tuliitunga sisi wawili, yeye na mimi, juu ya meza ya zahanati. Neno "utando" lilikuwa langu. Utando wa ndani, utando wa nje. Nilijiona mwanachuoni mkubwa. Tukawaita wakunga wanne, nyanya yangu akiwa mmoja wao, wakaja na mabuibui yao mazuri na udi ukinukia, wakaketi. Daktari akasoma orodha. Kila alipotua, wote wanne wakasema, "Naam, mwanangu." Utando? Naam. Utando wa ndani? Naam, ndivyo hasa. Robo saa, kazi imekwisha, tukanywa chai. Sijapata kuona kikao chepesi kama kile. Daktari aliniambia baadaye kwamba watu wa pwani ni wepesi wa kuelewa, nami nikaipokea sifa hiyo kana kwamba pwani ni yangu.

Palikuwa na sharti. Kila mkunga alihitaji karatasi yenye muhuri ili aendelee na kazi, na karatasi hiyo ingetolewa kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, kwa wale tu ambao kadi zao daktari ameridhika nazo. Kwa wakunga watatu hilo lilikuwa jambo la heshima. Kwa nyanya lilikuwa zaidi. Mimi nilikuwa nimeolewa, na nina mimba ya miezi mitano. Alikuwa amewapokea watoto wa ndugu zake, wajukuu wake, na mimi mwenyewe; kilichobaki, alisema, ni kumpokea kitukuu, kisha aweke wembe chini. Nami nilikuwa nesi wa zahanati. Kuzalishwa na mkunga asiye na karatasi ilikuwa ni kufukuzwa kazi mchana kweupe. Akiikosa karatasi, kitukuu wake angepokewa na mkono wa mtu mwingine, naye akae ukumbini na wanaume akisubiri habari.

Kadi zikaanza kuja.

Nyanya hakujua herufi za kizungu. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wa chuoni wanakosomea watoto Kurani, uliolala vizuri kama nywele zilizochanwa, na kazi yangu ilikuwa kumsomea daktari na kunakili. Nikachukua kadi ya kwanza, nikakohoa, nikasoma: "Utando ulimwagika alfajiri, maji mengi. Utando ukatoka salama baada ya adhuhuri. Utando ukakatwa kwa wembe mpya, ukafungwa uzi. Utando umezikwa uani."

Daktari aliniomba nisome tena. Nikasoma tena. Ukawa ni ule ule.

Za wakunga wengine watatu zilikuwa vivyo hivyo, hata mmoja alifika mbali zaidi: "Utando ukatoka, ukalia, ni wa kiume." Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Sasa tuna jina moja," akasema kwa upole wake ule wa kuudhi, "lakini vitu vyote ndani yake." Akasema pia, bila kunitazama, kwamba kama mambo ni haya, hatakuwa na uso wa kuwapigia muhuri.

Nakiri kwamba siku ile, nilipobaki peke yangu, niliishika kalamu. Nani angejua? Aliyeweza kuusoma mwandiko wa nyanya pale zahanati ni mimi tu. Ningeandika "kitovu" palipotaka kitovu na "zalio" palipotaka zalio, na nyanya angepata karatasi yake. Nikafikiri juu ya mama mmoja mwenye homa ambaye kadi yake imetengenezwa mezani na mjukuu mwenye huruma. Nikaiweka kalamu chini, nikachukua buibui langu, nikaenda nyumbani kugombana.

Nilimkuta amekaa juu ya mkeka anasuka ukili. Nikamtupia kadi mapajani, jambo ambalo miaka ile ya nyuma lingeniletea kofi.

"Nyanya, hapa umeandika nini?"

"Utando."

"Na hapa?"

"Utando."

"Hicho ni kitovu, nyanya!"

"Kitovu nakijua tangu mamako hajazaliwa," akajibu taratibu, wala hakuacha kusuka. "Lakini Daktari yuwapenda utando."

"Anapenda utando!"

"Siku ile alilitaja mara ngapi? Mgeni akipenda kitu, wewe wampimia? Nikamwekea kila mahali, mwana wa watu afurahi."

Nilikaa chini. Ukweli ni kwamba nilikaa kwa sababu nilikuwa mzito, lakini pia kwa sababu nilianza kuona. Nilipokuwa mdogo, nyumba ya mkabala ilikodishwa na mtu wa bara aliyefanya kazi relini. Kila asubuhi alikuja kwetu kununua mahamri, na kila asubuhi aliyaita mandazi. Sasa mahamri yana nazi na iliki na heshima yake, na mandazi ni mandazi. Sisi watoto tulikuwa tunapasuka kwa kicheko nyuma ya mlango. Nyanya alitufinya wote, mmoja mmoja, na kwa miaka yote ambayo yule bwana alikaa pale, nyanya akamwambia, "Mandazi yako haya, baba, ya moto." Nyumbani kwetu mgeni hakusahihishwa maneno. Kumsahihisha ni kumwambia kwamba amekaa mahali pasipo pake. Neno la mgeni ulilipokea kama unavyopokea viatu vyake mlangoni, ukaliweka pazuri, akiondoka aondoke nalo.

Kwa hiyo wakunga wanne walikuwa wamemkirimu daktari. Kikao kile chepesi hakikuwa kikao, kilikuwa karamu. Tungemwongezea maneno mapya arobaini, wangesema naam arobaini.

Usiku kucha sikufikiri lolote, nililala kama gogo, lakini asubuhi nikiwa njiani kwenda kazini nikawaona watoto wa chuo wakichapwa kwa kukosea kusoma, nikasimama. Mwalimu hawakirimu wanafunzi wake. Nikaingia zahanati kwa haraka, nikamwambia daktari kwamba akitaka maneno, aache kuwa mgeni.

"Nifanyeje?" akauliza.

"Nenda chuoni," nikamwambia.

Alhamisi baada ya alasiri alikuja nyumbani kwetu amebeba sinia la halua, kama mzazi anayepeleka mtoto wake kwa mwalimu, ila mtoto mwenyewe alikuwa ni yeye. Alivua viatu. Wakunga wote wanne walikuwepo. Kiti kilikuwa kimewekwa kwa ajili yake, akakipita, akaketi chini juu ya mkeka, magoti yake marefu yakamfikia masikioni. Akasema maneno niliyomfundisha: "Mama, nimekuja kusoma. Sijui kitu. Nikikosea, unirudi, unichape."

Nyanya alimtazama. Akatazama halua. Akanitazama mimi, kwa mato yale yaliyojua nani ametunga mpango. Kisha akachukua kipepeo chake cha ukindu, kile cha kujipepea, akakilaza mapajani, akasema, "Mjukuu wangu, nenda Biashara Street uniletee doti mpya ya kanga, isiyokatwa. Na tikiti maji."

Nilipokwenda niliichagua kanga nzuri, nyekundu, nikijua kwamba baada ya somo itakuwa yangu ya arubaini ya uzazi. Niliporudi nyanya aliipeleka chumbani, akakaa nayo kidogo, akatoka na tikiti limefungwa ndani yake: doti ile imekunjwa, kanga ya kwanza juu ya ya pili, zimeshikana upande ambao haujakatwa. Akamwekea daktari mbele yake.

"Huyu ni nani?" akauliza, akigonga tikiti.

"Mtoto," daktari akajibu.

"Na kinachomfunika?"

"Utando."

Kipepeo kikamshukia mkononi, pa! Daktari aliruka. Mimi niliziba mdomo.

"Ikiwa nzima na maji yake, yaitwa chupa. Sema."

"Chupa."

"Chupa ikishapasuka, mwana akatoka, hizi zilizobaki ni ngozi. Ngozi ngapi?"

"Mbili," akasema, na sauti yake ikabadilika, kwa kuwa hili ndilo alilodhani ni la vitabuni tu. Nyanya akamfundisha kuzitenga kwa ncha za vidole, taratibu, ngozi ya ndani, laini, inateleza. Ngozi ya nje, inakwaruza, inachanika upesi. Na pale zinapokutana zote mbili, upande usiokatwa, ndipo pa zalio.

Hapo mkunga mmoja akasema kwao ni kondo, si zalio. Nyanya akamwambia kwao wakosea tangu zamani. Wa tatu akaingilia. Ghafla wote wanne walikuwa wakibishana, kipepeo kikionyesha huku na kule, na daktari, mwenye akili, hakusema neno, aliandika tu. Ugomvi huo ulichukua Alhamisi tatu. Mwishowe walikubaliana kwamba nyumbani kwake kila mtu aseme apendavyo, lakini kwenye kadi ni zalio, na mwenye kondo akanuna mpaka Ramadhani. Ndipo nilipojua kwamba safari hii wamekubali kweli.

Lakini nilikuwa bado nasimulia ile Alhamisi ya kwanza. Nyanya akamwambia daktari, "Haya. Mwana ametoka. Angalia kama ngozi zimetimia, kisha uniandikie kadi."

Daktari akaitoa kanga, akaikunjua, akaitazama kwa makini, akaigeuza, akasema imetimia. Pa! "Umetazama ya ndani peke yake." Akatenga kanga ya pili, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, na hapo, karibu na pindo, palikuwa na tundu la kiganja, limekatwa kwa wembe.

"Kanga yangu!" nikapiga ukelele.

"Kipande hicho kimebaki tumboni mwa mwana wa mtu," nyanya akamwambia daktari, wala hakunijali. "Nawe umeandika imetimia. Siku ya nne yuwatetemeka kwa homa."

Daktari hakucheka. Aliuliza kama anaweza kuja Alhamisi nyingine.

Nilifurahi mno, na furaha hiyo ikanitia kiherehere. Nikasema, "Sasa nyanya, utando huu wa nje..." Nikakinga mkono wangu, nikisubiri kipepeo.

Nyanya akanigeukia akiwa na tabasamu zuri, lile la wageni. "Naam, mwanangu," akasema. "Utando."

Kisha akamrudia daktari na kumchapa kwa kosa jingine.

Sikumbuki halua ile ilikuwa na ladha gani. Nilikaa pale nikahesabu miezi tangu niliporudi kutoka bara: kila neno nililoleta, nyanya alikuwa amelipokea. Nilisema "presha," akasema presha. Nilimwambia asimkande mzazi kwa mafuta yake ya kienyeji, akasema naam, bibi nesi. Nilidhani nimeshinda hoja zote. Kumbe nilikuwa nakula mandazi. Nilimwonea wivu yule mtu wa bara kwa sababu ya kila kofi la kipepeo alilopigwa, na nilijisikia mjinga na mpweke katika nyumba niliyozaliwa.

Karatasi zikapigwa mihuri, zote nne, siku chache kabla ya mwezi kuandama. Kadi zilizokuja sasa ungeweza kuzisoma ukaona kitu chenyewe. Nyanya aliitia karatasi yake ndani ya chupa ya dawa iliyokwisha, akaifunga kifuniko, akaiweka juu ya kabati pamoja na udi wake.

Uchungu ulinishika asubuhi, baada ya Idi. Nilimfahamisha daktari kama kanuni ilivyotaka, naye akasema atakuja adhuhuri, kwa kuwa niko katika mikono mizuri kuliko yake. Kabla ya saa nne mtoto alikuwa ametoka, msichana, analia kwa hasira za kwetu. Nyanya alimfunga ndani ya kanga nyekundu yenye tundu. Zalio likafuata. Akalitia ndani ya beseni la maji safi, akaliosha, akakaa karibu na dirisha akatenga ngozi kwa ncha za vidole, polepole, na mimi kitandani nikawa namtazama mgongo. Mgongo wake ukasita.

"Ya ndani imetimia," akasema. "Ya nje kuna kipande hakipo. Usiinuke."

Mimi ni nesi. Hata nikiwa nimelala chali siwezi kunyamaza. "Nyanya," nikasema, "mara nyingine utando wa nje huchanika tu, ukajikunja, ukadhani..."

Kipepeo kilinipata begani.

"Utando uko juu ya maziwa!" akafoka. "Hii ni ngozi! Miaka yote hii bara walikuwa wakikufundisha nini? Lala! Mpe mwana ziwa, nami nikukande hilo tumbo, na mafuta nitayatia, wala usinambie neno!"

Nikalala. Nikampa mtoto ziwa. Alinikanda kwa mafuta yale yale niliyoyakataza, akinisimanga kwa kila kosa tangu nianze kutembea, na mimi nikalia kwa sauti mpaka mume wangu akagonga mlango akiuliza kuna nini. Sijawahi kulia kwa furaha kama ile. Baada ya muda kipande kilitoka, chote, akakilaza ndani ya beseni mahali pake, kikakaa sawasawa.

Daktari alikuja adhuhuri, akatazama beseni, akatazama mama na mtoto, akaomba kadi. Nyanya alikuwa ameijaza. Daktari akanikabidhi nimsomee, kama kawaida. Nikasoma: chupa ilipasuka saa mbili, maji meupe. Mwana wa kike. Zalio zima. Ngozi ya ndani imetimia. Ngozi ya nje, kipande kimoja, kimetoka baadaye.

"Na jina la mama?" akauliza, kalamu mkononi. "Hapo juu."

Nikatazama hapo juu. Kwa mwandiko wake wa chuoni, mahali pa jina la mama, nyanya alikuwa ameandika: mke mwenzangu.

Daktari alisubiri. Nyanya alikuwa anafuta beseni, amenipa mgongo. Nikamsomea kama ilivyoandikwa, naye akaandika vivyo hivyo.